Ukicheka na tumbili utavuna kokwa

Wahenga walisema ukicheka na nyani utavuna mabua. Sasa sisi wa Morogoro mjini huku chini ya Uluguru hatulimi mahindi uwani, tuna miembe, mipapai, mparachichi mmoja na migomba kadhaa nyuma ya jiko, na nyani tunamuona mara moja moja tu, anayetutesa ni mdogo wake tumbili. Kwa hiyo huku ukicheka na tumbili utavuna kokwa. Na ukimnunia pia utavuna kokwa, ndo hapo nataka tuongee, maana kila msimu wa maembe ukifika watu wanaanza kulia, mwingine anaulizia sumu, mwingine anataka manati ya kisasa, mwingine kashakata mti kabisa kwa hasira afu mwakani analalamika jua kali uwani hakuna kivuli. Jamani tulieni kwanza.

Kabla hujapigana na mtu yeyote ujue unapigana na nani. Popo anasingiziwa sana. Ukiamka asubuhi ukakuta matunda yameliwa usikimbilie kusema popo, inama uangalie chini. Tumbili anakula mchana, hasa asubuhi mapema na jioni jua likipoa, na ana dharau, anang'ata embe bichi mara moja anatupa anachuma lingine, kwa hiyo chini unakuta maembe mengi yana alama ya meno na vijiti vya matawi vimevunjika. Popo anakuja usiku, yeye anatafuna nyama ya tunda anameza maji yake, makapi anayatema, utayakuta yamekamuliwa makavu kabisa yamesambaa chini, tena mara nyingi sio chini ya mti wa matunda ila chini ya mti mwingine alikoenda kukaa kula kwa raha zake, na ukuta wa nyumba unakuwa na madoa ambayo hata ukisugua hayatoki. Panya anatoboa tundu pembeni anaingia ndani, unaona papai linaning'inia zuri tu kumbe ni ganda tupu. Kunguru anadonoa juu juu. Kuzumburu wanakuja kwa kundi na mikia yao mirefu, wale wanakula mpaka majani machanga. Na usiku ukisikia kitu kinalia kama mtoto juu ya mwembe, wageni wanaogopa sana hiyo sauti, huyo ni komba tu, yule yule wa kulewa kama komba, maana akikuta tembo la mnazi limegemwa linamsubiri hana simile, ila kwenye matunda hali kiasi cha kukunyima usingizi.

Kwenye panya niseme kidogo. Huku Moro tuna panya buku, lile panya kubwa kabisa, mkia nusu yake mweupe, na ndo hao hao shirika la APOPO pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wanawafundisha kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Yule Magawa aliyezaliwa hapa hapa Morogoro akaenda kunusa mabomu Kambodia, mwaka 2020 Waingereza wakampa medali ya dhahabu. Sasa ndugu yake anakuja kwangu usiku anajaza mashavu parachichi zilizodondoka anapeleka shimoni. Ukoo mmoja, tabia mbalimbali.

Haya, sasa ishu yenyewe. Kukomaa na kuiva ni vitu viwili. Embe linakomaa kwanza, linakaa mtini siku kadhaa likiwa gumu bado, ndo baadae linaiva. Popo, kunguru na kuzumburu wanasubiri harufu na ulaini, wanasubiri liive. Wewe huna sababu ya kusubiri pamoja nao! Mwembe, mpapai, mgomba, mparachichi, mstafeli, mfenesi, yote hii matunda yake ukiyachuma yamekomaa yanaivia ndani. Parachichi ndo kabisa, lenyewe haliivi likiwa mtini, linaanza kulainika likishachumwa au likidondoka. Kwa hiyo mtu anayeniambia anasubiri parachichi lilainike mtini ndo achume, huyo anamlimia panya buku.

Najua mtakachosema, embe la kuvundika halina utamu. Mjomba wangu kila akija ananiambia hivyo hivyo, "mwanangu embe tamu ni lile lililodondoka lenyewe," nami namuuliza anko, umekula mangapi yaliyodondoka yenyewe mwaka huu? Anacheka. Embe lisilo na utamu ni lile lililochumwa changa, na hilo ndo tunalouziwa sana maana mfanyabiashara anawahi soko afu analivundika kwa dawa linapata rangi nje, ndani chachu. Lililokomaa vizuri likichumwa leo likawekwa ndani kwenye kikapu au boksi lenye magazeti, na ndizi mbivu moja mbili pembeni, siku nne tano hivi limeiva na utamu upo wote. Hiyo ndizi sio uganga, inatoa hewa inayoyasukuma mengine yaive.

Kujua limekomaa angalia mabega. Embe changa kikonyo chake kimekaa juu, mabega yameshuka. Likikomaa mabega yanajaa yanapanda mpaka kikonyo kinakuwa kama kimezama kwenye kishimo, na mashavu yanatuna. Ngozi inapoteza ule mng'ao wa kijani unakuwa umefifia kidogo. Kama bado una wasiwasi chuma moja ulikate, nyama ya karibu na kokwa ikiwa imeshaanza unjano basi wenzake wa rika lake wako tayari, ikiwa nyeupe peee acha. Na kuna ile ya ndoo ya maji ambayo mama yangu ndo anaipenda, unatumbukiza embe kwenye maji, lililokomaa linazama, changa linaelea. Mimi nachunguza mabega yeye anajaza ndoo, na mara nyingi ndoo ndo inashinda.

Ukichuma usinyofoe. Kata ubakize kikonyo cha kama sentimita mbili, ukifika chini ndo unakivunja huku embe umeligeuza kichwa chini ili utomvu udondokee pembeni, ule utomvu ukimwagikia ngozi ya embe unaunguza unaacha alama nyeusi na hapo ndo linaanzia kuoza. Ukikurukia machoni utakumbuka hii post.

Papai chuma likianza kupiga mstari mmoja wa njano, usisubiri wa pili. Ndizi angalia zile kona za ndizi, zikishajaa zikawa mviringo kata mkungu wote ning'iniza stoo. Parachichi chuma moja kubwa uliache ndani wiki hivi, likilainika vizuri bila kujikunja ngozi, anza kuchuma, likinywea likawa kama mpira wa baiskeli, wenzake bado. Hapo popo, kunguru na kuzumburu umeshawapunguza sana bila kumrushia mtu jiwe.

Tumbili hiyo haimtoshi kwa sababu yeye hata bichi anakula. Hapo inakuja habari ya urefu wa mti, na hapa ndo wengi hawanielewi. Watu tunapenda mwembe mkuuubwa, ule wa bibi, dodo la kupanda kwa ngazi. Mwembe wa hivyo juu kule matunda ni ya wanyama, hayakuwahi kuwa yako, wewe unayoweza kufikia ni ya chini tu. Na kwa tumbili mti mrefu uliogusana na bati la nyumba na mti wa jirani ni barabara ya lami. Anatoka kwenye mkuyu kule mtoni anapita juu kwa juu mpaka kwako hajakanyaga chini, na tumbili asiyekanyaga chini haogopi mbwa.

Kwa hiyo punguza. Mara tu baada ya kuvuna, sio wakati wa maua, kata lile tawi la katikati linalokimbilia juu, mti ubaki mita tatu nne, na matawi yote yanayogusana na paa, ukuta au mti mwingine ondoa, acha uwazi wa mita mbili tatu. Kama mti ni mkubwa sana usiukate wote kwa mkupuo, fanya kwa misimu miwili mitatu ukianza na matawi makubwa ya juu. Kama ndo unapanda sasa hivi nunua mche wa kubebesha, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mwembe mwingine, aina ya Apple, Kent, Keitt au hata dodo la kubebesha, unaanza kuzaa miaka mitatu minne, na mwaka wa kwanza tu ukiwa mita moja ukate kichwa utoe matawi matatu yaliyokaa vizuri. Mti wa hivyo unachuma umesimama chini, na muhimu zaidi unaweza kuufunika.

Neti ndo hapo. Kitu kimoja naomba sana, msitumie nyavu kuukuu za kuvulia zenye matundu makubwa, zinanasa popo, zinanasa bundi, asubuhi unakuta kiumbe kinahangaika na wewe huna pa kuanzia maana popo haguswi kwa mkono mtupu. Tundu likipitisha kidole chako hilo ni kubwa mno. Neti ya matundu madogo, ile ya kitalu au hata chandarua chakavu kilichotoboka ambacho hakifai tena kitandani, unakivuta kikakaza, unafunga chini kwenye shina kisiwe na mlango. Tumbili akiamua kuchana atachana, sikudanganyi, ila akikuta kazi ngumu na kwa jirani rahisi anaenda kwa jirani, na jirani mwenyewe nimeshamwambia apunguze mwembe wake hataki.

Kama mti hauwezi kufunikwa funga tunda moja moja. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 kila nyumba ina rundo la mifuko mbadala ile laini ya kitambaa kitambaa, basi hiyo inapitisha hewa vizuri, unavalisha embe likiwa saizi ya yai la kuku unafunga kwa kamba kwenye kikonyo. Mapera, makomamanga na mastafeli pia. Inazuia na inzi wa matunda, yule aliyetoka Asia akaonekana kwanza Kenya na kwetu mwaka 2003, ambaye kimya kimya anakula maembe mengi kuliko tumbili wote wa Uluguru, ni vile tu hafanyi kelele. Akitaga, embe linaoza likiwa mtini, ukipasua funza wanarukaruka. Huyo dawa yake kubwa ni kuokota. Kila embe lililodondoka liokote siku hiyo hiyo, fukia chini sana kama nusu mita au zaidi, au funga kwenye mfuko mweusi wa taka uuache juani mpaka wafe. Na ukishaokota, panya naye anakosa mboga, komba anakosa sababu ya kuja.

Kwenye mpapai, mnazi na mti wowote wenye shina moja lililonyooka funga bati laini kuzunguka shina, upana sentimita 50 au 60, kuanzia kama mita moja toka chini. Panya kucha zake hazishiki bati, anateleza. Watu wa Pwani wanafanya hivyo kwenye minazi zamani tu. Usilikaze sana, mti unanenepa, kila mwaka lilegeze. Ila kama kuti limelala juu ya ukuta hilo bati ni pambo, panya atapitia kwenye kuti.

Sasa zile mbwembwe. Sidii za kuning'iniza, utepe wa kaseti, makopo, sanamu la mtu lenye kofia. Mwanzoni zinafanya kazi na kunguru ataondoka, wiki ikipita wamezoea, kunguru anatua juu ya kofia ya sanamu anajisaidia hapo hapo. Tumbili anakariri watu. Hapa nyumbani tumbili akimuona baba mdogo anakimbia hata kama baba mdogo kashika kikombe cha chai, akimuona mama mdogo anaendelea kutafuna huku anamuangalia usoni. Mama mdogo akachoka na hiyo dharau, siku hiyo akavaa koti la mumewe, kofia ya mumewe, fimbo mkononi, akatoka kwa mwendo wa mumewe kabisa. Tumbili wakatimua mbio. Tukacheka sana. Siku za mbele wakamsikia anaongea, habari ikaishia hapo.

Kinachosaidia ni mtu kuwepo zile saa zao, kuanzia kunapambazuka mpaka saa mbili tatu asubuhi, zile wiki chache za maembe kukomaa tu, na mbwa wa kawaida asiye mvivu. Na kufunika taka. Tumbili wengi hawaanzi na mwembe wako, wanaanza na pipa la taka na yule mgeni anayewarushia maganda ya ndizi apige picha. Nendeni mkaone barabara ya Iringa inapokatiza hifadhi ya Mikumi, kama kilomita 50 hivi, nyani wamejipanga pembeni wanasubiri abiria warushe mkate dirishani. Nyani aliyefundishwa kwamba binadamu ni mkate, usitegemee atakuheshimu kwenye papai lako.

Kitu kingine ambacho watu wanakiondoa wakati kinawasaidia ni majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani. Wanawinda wadudu mtini, inzi wa matunda mwenyewe hapendi kutua penye majimoto, na watoto wa mtaani nao hawapandi huo mti! Kwenye mikorosho wataalamu wetu wamewasemea sana. Sisi siku ya kuchuma tunajipaka majivu mikononi na miguuni, bado wanang'ata lakini sio kivile.

Sumu hapana. Sumu ya panya ukiitega kwenye tunda anakula paka, anakula kuku, anakula mtoto. Panya akifa kwa sumu bundi akamla bundi anakufa, na bundi ndo mwindaji wako wa bure wa usiku, mnamfukuza eti mchawi afu mnalalamika panya wengi. Tumbili na nyani ni wanyamapori, kuna sheria ya mwaka 2009, kuua bila kibali ni kesi. Wakizidi kabisa, wakaanza kuingia ndani na kutishia watoto, nenda serikali ya mtaa wawaite maafisa wanyamapori, wana utaratibu wao. Ila fidia usitegemee, kile kifuta jasho cha kanuni za 2011 kimewekwa kwa wanyama hatari, tembo, kiboko, simba na wenzao, tumbili wa papai hayumo.

Na popo msimuue. Wale wakubwa wa rangi ya majani makavu wanasafiri mbali, na mbegu za mvule zinasambazwa na wao, mbuyu nao ua lake linafunguka usiku linasubiri popo. Nakataa kitu kimoja tu kwao, tunda lililong'atwa. Zamani tulikuwa tunakata upande ulioliwa tunakula uliobaki, bibi alisema lililochaguliwa na popo ndo tamu. Mwaka 2023 homa ya Marburg ilipotokea Kagera, tukasikia kwamba kirusi chake kinabebwa na aina fulani ya popo wa matunda anayekaa mapangoni, mama akapiga marufuku nyumbani, lenye jino lolote linafukiwa. Hata bibi angekubali.

Wanaouliza kuhusu machungwa, hapo mbinu ya kuchuma mapema haipo, chungwa likishachumwa haliongezi utamu hata ulilaze na ndizi mwezi mzima, limao na komamanga vivyo hivyo. Hayo ni mfuko au neti, na mti mfupi. Ndimu na malimao kwangu tumbili anaonja anaacha, kwa hiyo mimi nimeyapanda upande wa mtoni kuliko na njia yao, machungwa yapo karibu na jiko ambapo mtu hakosekani.

Miche midogo adui yake ni mbuzi, na mbuzi wa jirani ana mwenyewe, huwezi kumpiga fimbo ukategemea salamu kesho. Zungushia miiba, au koroga kinyesi kibichi cha ng'ombe na maji kiwe uji, paka majani na shina kwa ufagio wa zamani, mbuzi akinusa anageuka. Mvua ikinyesha rudia. Na matandazo yasiguse shina, acha upana wa kiganja na umwagie majivu, kiangazi mchwa wakikosa kitu kingine wanamenya mche, mchana unauona mzima, ukiuvuta unakuja na mkono.

Msimu wa maua Juni mpaka Agosti msikate kitu. Kukata ni baada ya kuvuna, na neti nunueni mapema, Novemba bei inapanda.